Hothoni ya Mapambo: Kuitambua na Kuikuza

Hothoni ya mapambo ni mti mdogo wenye miiba, unaopandwa bustanini kwa ajili ya maua yake na matunda yake madogo mekundu. Ni wa jenasi ya Crataegus katika familia ya mawaridi, na asili yake ni Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, katika maeneo yenye majira ya baridi.

Kwa kuwa spishi zake huchanganyika kwa urahisi, anayetegemea umbo la jani peke yake hukosea mara nyingi. Afadhali apasue tunda lililoiva ahesabu kokwa. Crataegus monogyna kwa kawaida huwa na kokwa moja, na majani yake yamechanika kwa kina kuelekea mshipa wa kati, ilhali Crataegus laevigata huwa na kokwa mbili au tatu na majani yenye mikato mifupi. Mwiba nao ni ushahidi mzuri, kwani ni kitawi kilichogeuka, chenye mbao ndani, na kwa hiyo haubanduki kwa kidole kama ule wa waridi, unaoota kwenye ganda tu.

Aina maarufu zaidi ni Paul's Scarlet, iliyopatikana Uingereza mwaka 1858, yenye maua mekundu ya petali zilizosongamana. Uzuri huo una gharama: matunda yake ni haba, na penye unyevu mwingi kuvu wa madoa huweza kuyapukutisha majani kabla kiangazi hakijaisha. Mahali pa namna hiyo ningechagua Crimson Cloud, yenye maua mekundu yaliyo meupe katikati, ambayo huustahimili ugonjwa huo vizuri zaidi.

Mti huu hutaka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Mbegu huweza kukaa hata miezi 18 bila kuota, na mche wake hautoi maua yaleyale ya mama. Ndiyo maana aina za mapambo hubebeshwa, yaani kitawi chake huunganishwa na shina la mti mwingine, aghalabu la Crataegus monogyna. Machipukizi yanayotokea chini ya kiungo yaondolewe mapema, la sivyo mti wa shina la chini, wenye maua meupe, utaumeza ule mwekundu. Chipukizi likiwa jeusi na ncha yake kupinda kama ndoano, huenda ni bakteria Erwinia amylovora: tawi likatwe mbali chini ya sehemu iliyoathirika, penye mbao nzima, na kisu kisafishwe kwa dawa kabla ya kugusa tawi jingine.