Kwa nini daktari wa meno ana makoleo kibao? Jibu analo John Tomes

Ushawahi kwenda kung'olewa jino ukachungulia ile trei ya vifaa? Unakuta makoleo ya kila aina, moja limenyooka, lingine limepinda shingo, na daktari anachukua moja tu mengine anayaacha. Je, wajua kwa nini hatumii hilo hilo kwa meno yote?

Ishu ni mizizi. Jino la mbele lina mzizi mmoja wa mviringo, hilo halina shida. Gego la juu sasa, lina mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, kwa hiyo koleo lake lina ncha upande wa shavu ili iingie katikati ya ile miwili, na upande wa ndani limeviringika likumbatie ule mmoja, ndo maana la kulia huwezi kulitumia kushoto. Gego la chini lina mizizi miwili tu, mmoja mbele mmoja nyuma, basi ncha zinakaa pande zote mbili na koleo moja linafanya kazi kulia na kushoto.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Mwingereza John Tomes, kazaliwa 1815 huko Gloucestershire, akaanza kama mwanafunzi wa muuza dawa kabla hajaingia London kusomea udaktari. Mwaka 1839 alikuwa daktari kijana wa zamu Middlesex Hospital, na kung'oa meno ya wagonjwa ilikuwa sehemu ya kazi. Kifaa cha enzi hizo kilikuwa kama ufunguo wa mlango: kulabu inashika jino, kishina kinaegemea fizi, halafu unazungusha. Jino linang'oka kwa ubavu, au linakatika mzizi ukabaki ndani, fizi inapondeka, na kuna waliovunjika taya kabisa. Na hapo hakuna ganzi! Tomes akakaa chini na fundi wa vifaa aitwae Evrard wakatengeneza makoleo yanayofuata umbo la shingo ya kila aina ya jino, na 1841 akayaandikia kwenye jarida la madaktari.

Huyu bwana alikuwa hatulii. Aliwahi kulisha makinda ya shomoro na kitoto cha nguruwe mmea unaotoa rangi nyekundu ili aone mifupa inavyokua. Mwaka 1845 akaja na mashine ya kuchonga meno bandia ya pembe, wahenga walishasema jino la pembe si dawa ya pengo ila yeye aliona wacha ajaribu, na medali ya dhahabu akapewa. Ganzi ya etha ilipofika Uingereza, 1847 alikuwa miongoni mwa walioitumia mapema pale pale hospitalini. Na kwenye hadubini aliona nyuzi laini zinazopita ndani ya vijitundu vya dentini, ile sehemu iliyo chini ya enameli, mpaka leo wanafunzi wa meno wanakariri nyuzi za Tomes.

Ila mimi naona kazi yake kubwa zaidi ni darasani. Enzi hizo kung'oa meno hakukuwa na cheti, kinyozi alikuwa anang'oa, fundi chuma alikuwa anang'oa, yeyote mwenye mkono mzito alikuwa anang'oa. Tomes alifundisha somo la meno Middlesex, kisha yeye na wenzake wakakibana chuo cha madaktari wa upasuaji mpaka kikakubali kutoa mtihani wa meno, wa kwanza ukafanyika 1860. Mwaka 1858 wakafungua hospitali ya meno Soho Square, na mwaka uliofuata shule ikaanza pale pale, maana mtihani bila mahali pa kusomea ungekuwa maigizo.

Sheria ikaja 1878, kukawa na rejista ya madaktari wa meno na jina la Tomes likawa la kwanza. Cheo cha heshima cha Sir alipewa 1886, akafariki 1895. Lakini sheria yenyewe ilikuwa na tundu: waliokuwa wanang'oa tayari waliandikishwa bila mtihani wowote, na kilichokatazwa ni kujiita daktari wa meno tu, siyo kung'oa, kwa hiyo watu wakabadilisha maneno kwenye vibao vyao wakaendelea na biashara kama kawa mpaka sheria nyingine ilipokuja kuwabana 1921.