Ofseti ya rimu na spesa: tairi likae wapi ndani ya fenda

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale rimu inapobanana na habu ya gari, yaani kitovu kinachobeba gurudumu. Ichukulie rimu imepasuliwa ubavuni kama mkate, nusu ya nje na nusu ya ndani zikiwa sawa, kisha tazama sehemu bapa inayokaa kwenye habu iko upande gani wa mpasuo huo. Ikiwa palepale kwenye mpasuo, ofseti ni sifuri. Ikiwa upande wa nje, ule wa mapambo unaoonekana na wapita njia, ofseti ni chanya na rimu inaingia ndani ya fenda. Ikiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi na rimu inatokeza nje.

Wengi wanachanganya hapa: namba ikipanda, tairi linazama, namba ikishuka, tairi linatoka. Magari madogo mengi ya Kijapani tunayopishana nayo kati ya Mnara wa Saa na Sakina, Arusha, yametoka kiwandani na ofseti chanya ya kati ya 35 na 55. Kwa hiyo muuzaji akikwambia rimu yake ni "ofseti ndogo", anakwambia itatoka nje zaidi.

Namba yenyewe imeandikwa kwenye rimu. Igeuze, pangusa vumbi jekundu na masizi ya breki nyuma ya mikono yake, utakuta kitu kama 16x6.5JJ na pembeni 48, au ET48, au +48. Hiyo ni kipenyo cha inchi 16, upana wa inchi 6.5, ofseti ya milimita 48; JJ ni alama ya umbo la ukingo wa rimu. Ikiwa imefutika, pima mwenyewe. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, kisha pima kutoka kwenye ubao kushuka hadi sehemu inayokaa kwenye habu. Toa nusu ya upana wote wa rimu, ukingo kwa ukingo. Ukipata 143 kwenda chini na upana wote ni 190, nusu yake 95, basi ofseti ni 48. Upana wa ukingo kwa ukingo huzidi ule ulioandikwa kwa kama inchi moja, kwa sababu ulioandikwa unahesabu pale tairi linapokaa tu.

Sasa hili la gari "kujaza fenda", au flashi kama vijana wanavyosema. Maana yake ni ubavu wa nje wa gurudumu kulingana na ukingo wa fenda, bila kuzama na bila kuchomoza. Kuna wanaolinganisha mdomo wa rimu na fenda, na kuna wanaolinganisha ubavu wa tairi. Kwa barabara zetu nasimama na hawa wa pili. Tairi linalochungulia nje ya fenda hurusha kokoto na tope kwenye milango yako mwenyewe, na kwenye mvua za masika humrushia matope kila anayetembea pembeni ya barabara. Gari linalopanda Machame au Kibosho, huko miteremkoni mwa Kilimanjaro, kila wiki linahitaji hiyo fenda ilifunike tairi.

Hesabu si ngumu. Ukibadilisha upana wa rimu, nusu ya ongezeko inakwenda nje na nusu inakwenda ndani. Ukibadilisha ofseti, tofauti yote inahamishia gurudumu upande mmoja. Chukua Subaru Forester ya kizazi cha SG yenye rimu ya kiwandani ya 16x6.5 ofseti 48, na mwenye gari ameonyeshwa rimu ya 17x7.5. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 25.4, nusu yake 12.7. Ikiwa rimu mpya nayo ni ofseti 48, inatoka nje milimita 12.7 na inaingia ndani milimita 12.7, na huko ndani ndiko shokapu iliko. Ikiwa ni ofseti 38, inatoka nje 22.7 na ndani inasogea 2.7 tu. Rimu zile zile kwa macho, upana ule ule, lakini moja inaweza kusugua kikombe cha springi na nyingine isiguse kitu.

Ndiyo maana unapima gari kabla ya kwenda kutafuta rimu. Chukua kamba, funga nati mwisho wake iwe timazi, ishikishe kwenye ukingo wa fenda juu kabisa ya gurudumu uiache ining'inie, gari likiwa mahali tambarare. Pima kutoka kwenye kamba hadi kwenye ubavu wa tairi. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo nje. Kisha ingiza mkono nyuma ya gurudumu upime kutoka tairi hadi shokapu. Nisingekubali ibaki chini ya milimita 5 baada ya kuweka rimu mpya. Pima magurudumu yote manne. Mbele na nyuma mara nyingi hazilingani, na gari lililowahi kugongwa linaweza kutofautiana hata kulia na kushoto.

Vipimo hivyo vya gari tupu havitoshi, na kwa mtu wa Kilimanjaro hili lina uzito wake. Desemba gari linapakiwa Dar es Salaam: baba, mama, watoto watatu, mizigo ya sikukuu hadi kwenye kioo cha nyuma, linapandishwa Moshi. Springi zinakaa chini, gurudumu linapanda ndani ya fenda, na kila tuta kutoka Same hadi Himo linalipandisha zaidi. Gurudumu lililokuwa flashi kwa uzuri pale gereji linaanza kunyoa ubavu wa tairi kwenye ukingo wa fenda. Kama springi zimeshushwa nafasi inabaki ndogo zaidi. Jaribio zuri ni kupaka chaki ndani ya ukingo wa fenda na kwenye plastiki yake, kupakia watu watano, kuzunguka mtaani kwa moramu na matuta, kukata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha kushuka na kuangalia chaki imefutika wapi. Fanya hivyo kabla ya kumlipa fundi hela ya mwisho.

Spesa ni kipande cha chuma chepesi kinachokaa kati ya habu na rimu. Kazi yake ni moja: inapunguza ofseti kwa unene wake. Spesa ya milimita 10 kwenye rimu ya ofseti 48 inaifanya ikae kama ya 38. Inasaidia pale ulipo na rimu nzuri inayozama kidogo, au inayogusa shokapu kwa nywele. Ila ukiwa bado hujanunua rimu, tafuta ya ofseti sahihi. Spesa isiwe njia ya kununua rimu yoyote iliyopatikana halafu kulazimisha.

Spesa nyembamba, za milimita 3 au 5, huvalishwa tu kwenye stadi zilezile za gari, yaani bolti zinazochomoza kwenye habu, na zinakula urefu wa stadi. Kanuni ya mafundi makini ni kwamba nati iingie kwenye stadi angalau kwa kina kinacholingana na unene wa stadi. Toyota na Subaru nyingi ndogo zina stadi za milimita 12. Za Toyota nyuzi zake zina hatua (umbali wa uzi hadi uzi) ya milimita 1.5, kwa hiyo nati izunguke mara 8 kamili kwa mkono kabla haijabana. Za Subaru ni 1.25, karibu mara 10. Hesabu mizunguko mwenyewe fundi akiwa anafunga. Ikipungua, stadi ndefu zinatakiwa, la sivyo spesa itoke. Spesa nene, za milimita 20 na kuendelea, hufungwa kwenye habu kwa nati zake na zina stadi zake za kubeba rimu. Hizo hazili nyuzi, lakini ubora wake ndio kila kitu: chagua za aluminiamu iliyofuliwa, zenye tundu la kati lililochongwa kwa kipimo cha habu yako na mdomo wa kuishika rimu. Kupanga spesa mbili juu ya nyingine, au kujaza washa, sikubaliani nako hata kwa gari la kwenda sokoni tu.

Tundu la kati linasahaulika sana. Rimu nyingi za nati tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100 zinauzwa kama zinaingia Toyota na Subaru sawasawa. Habu ya Subaru ni milimita 56.1, ya Toyota hizo ni 54.1. Rimu ya Toyota haipiti kwenye habu ya Subaru. Rimu ya Subaru inapita kwenye Toyota lakini inabaki na nafasi ya milimita 2, na usukani unaweza kutetemeka ukifika kasi ya barabara kuu hata baada ya balansi, mpaka uweke ringi ya kujazia. Nati nazo zitazame: rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, rimu nyingi za madukani hutaka nati za ncha iliyochongoka. Ukizichanganya, nati inaonekana imekaza kumbe inashika ukingo mdogo tu.

Kadiri unavyolitoa gurudumu nje, uzito wa gari unaibana beringi kutoka mbali zaidi, na usukani unakuwa mwepesi kuvutwa na shimo au ukingo wa lami. Milimita 5 au 10 watu wengi hawazihisi. Milimita 25 mbele utazihisi kwenye vipande vibovu vya barabara ya vumbi, na ukifunga breki tairi moja likiwa kwenye mchanga, gari litavuta.

Baada ya kufunga, tumia spana ya kupima kukaza. Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na gari lako lina namba yake kwenye kitabu. Kaza kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa limeanza kugusa chini. Endesha Arusha mpaka Moshi, hizo kilomita kama 80 zinatosha, kisha kaza tena rimu zikiwa zimepoa. Nati ikikutwa imelegea mara hiyo, kaza. Ikilegea tena mara ya pili, vua rimu na spesa uangalie kutu kwenye habu, aina ya nati na uso wa spesa kabla gari halijatembea tena.