Ganda la chungwa halikati maziwa: dhana potofu kuhusu chai ya maziwa yenye viungo

Mara ya kwanza nilipokwangua ganda la chungwa juu ya sufuria ya chai ya maziwa, mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akaacha kukuna. “Wee mwanangu, unayakata hayo maziwa!” Nilimwelewa. Aliyekulia jikoni ameshaona maziwa yakikatika: mabonge meupe juu, maji ya rangi ya kijani-njano chini, na sufuria nzima inakwenda kumwagwa. Lakini siku ile hayakukatika. Chai tuliinywa na mkate wa kumimina, na mama akaongeza kikombe cha pili. Tangu hapo nimewaeleza ndugu na majirani jambo hilohilo mara nyingi, na bado naona watu wanajinyima kinywaji kizuri kwa hofu isiyo na sababu.

“Chungwa na maziwa havipikiki chungu kimoja”

Kinachokata maziwa ni uchachu, na uchachu wa chungwa umo kwenye maji yake. Uchachu hupimwa kwa namba iitwayo pH, na kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Maziwa mazima yana pH ya karibu 6.7. Ikishuka kufikia 4.6 hivi, protini iitwayo kaseini hushikana na kuwa mabonge, na maziwa yakiwa ya moto hayangoji kushuka hadi huko, hukatika mapema zaidi. Maji ya ndimu yana pH ya 2 na ushei. Ya chungwa mara nyingi huwa kati ya 3 na 4. Ukiyakamulia kwenye maziwa yanayochemka, umetengeneza jibini. Wahindi hupata paniri kwa njia hiyohiyo, ila wao wanaitaka.

Harufu ya chungwa haitoki humo. Chukua kipande cha ganda bichi, likunje kwa vidole mbele ya mwali wa mshumaa: utaona cheche ndogondogo zikiruka. Hayo ni mafuta, yamehifadhiwa kwenye vifuko vidogo sana katika ile ngozi ya juu yenye rangi. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho limoneni, na hakina uchachu. Tena kwa kuwa ni mafuta, huchanganyika vizuri na mafuta ya maziwa, ndiyo maana harufu hukaa kinywani kwa muda mrefu kuliko kwenye chai ya rangi. Waingereza wanalijua hili siku nyingi: chai yao ya Earl Grey hutiwa mafuta ya ganda la bergamot, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, na wengi huinywa na maziwa bila tatizo lolote.

Kwa hiyo tumia ganda, maji ya chungwa yanywe pembeni. Kwangua ngozi ya rangi tu, kwa kile kifaa cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu madogo, au limenye kwa kisu kikali vipande vyembamba kama karatasi. Ukianza kuona weupe, umefika mbali. Ule weupe ndio wenye uchungu, na ukichemka nao chai itakuwa kama dawa. Nusu ya ganda la chungwa moja inatosha vikombe vitatu.

“Chungwa la kijani halijaiva, ganda lake halifai”

Machungwa ya Muheza, Tanga, huiva yakiwa na ngozi ya kijani na ndani ni asali. Chungwa hugeuka rangi kwa sababu ya baridi, hasa ya usiku, inayovunja ule ukijani wa kwenye ngozi. Pwani hatuna usiku wa aina hiyo. Rangi haikuambii habari ya utamu wala ya harufu. Kwaruza ngozi kwa ukucha na unuse.

Mimi hata napenda zaidi haya ya kwetu kwa chai. Yale ya njano yanayong'aa madukani, yanayotoka Misri au Afrika Kusini, mara nyingi yamepakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu ili yastahimili safari. Kwa kuwa hapa ngozi yenyewe ndiyo inayoingia kwenye sufuria, yasugue kwa brashi na maji ya moto kabla ya kuyatumia.

“Nilitia ganda tu, maziwa yakakatika. Kwa hiyo ni chungwa”

Hili ndilo linaloletwa kwangu mara nyingi kuliko yote, na nikiuliza hatua kwa hatua namkuta mhusika mwingine.

Wa kwanza ni tangawizi mbichi. Tangawizi ina kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa. Kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong, watu hukitumia makusudi: humimina maziwa ya moto, yasiyochemka, juu ya maji ya tangawizi iliyokamuliwa muda huohuo, na baada ya dakika chache maziwa yanashika laini kama mtindi, yanaliwa kwa kijiko. Ukiponda tangawizi na kuitia kwenye maziwa ya uvuguvugu, umefuata mapishi yao bila kujua. Dawa yake ni rahisi: tangawizi itangulie kwenye maji na ichemke dakika tano au zaidi. Moto wa kuchemka unakiua kimeng'enya hicho, na maziwa yakija baadaye hayana wa kuyagusa.

Wa pili ni maziwa yenyewe. Yaliyokaa tangu asubuhi bila friji huwa yameshaanza kuchacha hata kama ulimi haujagundua, na yakipigwa moto yanakatika hata bila kutiwa chochote. Kwenye vituo vya kukusanyia maziwa wana kipimo cha aina hiyo: wanachemsha kidogo, yakikatika wanayakataa. Fanya hivyo nyumbani. Chemsha vijiko viwili kwenye kikombe cha bati kabla ya kumwaga lita nzima juu ya viungo vyako.

Wa tatu ni sukari guru. Ina uchachu wake na chumvichumvi, nayo ikichemka pamoja na maziwa mara nyingine huyakata. Itie baada ya kuepua, ikoroge.

“Tia vyote pamoja, bandika, basi”

Wapo wanaopika hivyo na chai inanyweka. Lakini majani ya chai hutoa rangi na ladha vizuri zaidi kwenye maji matupu. Yakikutana na maziwa mapema, kaseini hushikana na ukakasi wa majani na chai inapooza. Na harufu ya ganda ni nyepesi, hupaa na mvuke. Ukiichemsha robo saa, jikoni kutanukia kweli, lakini kikombe hakitakuwa na harufu.

Mpangilio ninaoufuata mimi, kwa vikombe vitatu: bandika kikombe kimoja na nusu cha maji. Tia tangawizi iliyopondwa, kipande cha ukubwa wa dole gumba, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki tano zilizopasuliwa na karafuu mbili. Funika, ichemke polepole dakika saba au nane. Tia vijiko viwili vya chai vya majani, acha dakika mbili hadi tatu. Sasa mimina kikombe kimoja na nusu cha maziwa na usiondoke hapo, kwa maana yakipanda hayasubiri mtu. Yakifika ukingoni punguza moto yashuke, yapande tena mara moja, epua. Hapo ndipo ganda linapoingia. Koroga, funika dakika tatu, chuja. Ukifunua mfuniko, mvuke wa kwanza una chungwa peke yake. Iliki inafuata nyuma.

“Viungo vikizidi ndiyo chai inanoga”

Hapana. Karafuu hasa. Ina eujenoli, ambayo mafundi wa meno huitumia kutia ganzi, na karafuu sita kwenye sufuria ndogo zinaufanya ulimi usisikie kitu kingine. Nami naipenda karafuu. Imelea Pemba na Unguja tangu karne ya 19. Mbili zinatosha. Pilipili manga, punje tatu nne, wakati wa baridi tu.

“Bila ndimu huwezi kupata harufu ya ndimu”

Mchaichai uko nyuma ya nyumba. Harufu yake inatokana na sitrali, ileile iliyomo kwenye ganda la limau, na hauna uchachu wa kuogopesha maziwa. Kunja majani matatu manne, yafunge fundo, yatie kwenye maji pamoja na tangawizi. Ukiunganisha mchaichai na ganda la chungwa, huhitaji limau kabisa.

“Chai hii inatibu mafua, na ina vitamini C tele”

Inatuliza koo, inapasha mwili joto, na mgonjwa anahitaji kunywa vitu vya majimaji. Kwa hayo naipenda na ninampelekea mgonjwa. Lakini haiui kirusi cha mafua. Na ile vitamini C hupungua kwa moto, na ganda ulilotia ni kidogo. Anayeitaka ale chungwa lenyewe, lile ulilolimenya.

Jambo moja linalonigusa zaidi ni wajawazito na watoto wanaopewa chai ya maziwa pamoja na chakula. Chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unafyonza kutoka kwenye maharage, mchicha na dengu, na maziwa nayo hayasaidii hapo. Chungwa likiliwa na chakula hufanya kinyume: linasaidia chuma kufyonzwa. Mpe mjamzito chungwa na maharage yake, chai ije saa moja au zaidi baadaye.

Msimu wa machungwa ukiisha, chai haiishi. Machenza yanapokuwa mengi, mama huyaosha kwanza, kisha maganda yake anayaanika kwenye ungo, kivulini penye upepo, mpaka yakivunjwa yanatoa mlio. Anayatia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ganda kavu halina ukali wa harufu ya bichi, linahitaji muda zaidi, kwa hiyo yeye hulitia mapema kidogo, majani yakishatoa rangi na kabla ya maziwa.