Barua ya kiwanda haiijui njia ya Pongwe

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimelala chini ya lori pale Pongwe, msasa mkononi, natafuta namba ya chesisi. Imepigwa rangi mara mbili, na juu ya rangi vumbi la saruji limeganda kama uji uliolala. Utingo wetu alikuwa ananimulikia kwa simu.

"Mjomba, kwani tunaliuza?"

Nikamwambia hapana, nataka kujua kama kiwanda kinalitafuta. Akacheka hadi tochi ikayumba. "Kiwanda gani kitakuja kulitafuta Pongwe?"

Swali hilo nimelisikia kwa wenye malori wengi hapa Tanga, kila mmoja kwa maneno yake. Kiwanda kikigundua kasoro ya usalama katika malori kiliyokwisha kuyauza, hutangaza kwamba yote yenye namba kuanzia hii hadi ile yapelekwe kwa wakala yakarekebishwe. Wengine husema rikoli. Mimi nitasema tu lori limeitwa. Na juu ya kuitwa huko yanasemwa mengi, hasa jioni kwenye kahawa.

"Likiitwa ndiyo basi, unanyang'anywa"

Hakuna anayekuja kulibeba. Mara nyingi shida ni bolti, bomba la upepo, swichi, au programu ya kompyuta inayoongoza breki. Lori linaingia gereji ya wakala, linatengenezwa, linarudi barabarani.

Kinachoitwa ni namba, jina la lori ni mwanzo tu wa kutafuta. Malori mawili ya aina moja, mwaka mmoja, hata rangi moja, linaweza likaitwa moja na jingine lisiitwe, kwa sababu tu siku lilipoundwa la pili kifaa kilitoka kwenye shehena nyingine. Ndiyo maana nalala chini na msasa badala ya kusoma bango la mlangoni. Malori ya Ulaya yana namba yenye herufi na tarakimu 17, na ndani yake hazimo I, O wala Q. Ukidhani umeona O, hiyo ni sifuri. Yale yaliyotengenezwa Japani kwa soko la kwao yana namba fupi zaidi, yenye kistari katikati. Tela nalo lina namba yake, watu husahau.

Ile ya Jumamosi tarakimu ya mwisho niliisoma 8, nikairudia, nikaona 8 tena. Utingo akachovya mswaki kwenye dizeli akasugua taratibu. Ikatokea 3. Kwa 8 tusingekuwamo. Kwa 3 tumo.

"Limepita ukaguzi, stika hiyo hapo kwenye kioo"

Mkaguzi huona kinachoonekana siku hiyo: tairi, taa, breki zinashika au hazishiki, oili inavuja wapi. Chuma kilichotoka kiwandani na udhaifu ndani yake kitapita ukaguzi huo bila shida, tena kikiwa kinang'aa.

Machi 2016, huko Marekani, Volvo iliita malori karibu 16,000 yaliyokuwa mapya kabisa, modeli za 2016 na 2017. Kwenye shafti ya stering bolti moja ingeweza kuwa haikufungwa sawasawa, au haikufungwa kabisa, na stering ikaachana bila dalili yoyote. Wenye malori waliambiwa wasiyaendeshe mpaka yaguswe na fundi. Kwa hiyo anayesema "mambo ya kuitwa yanaweza kusubiri msimu wa katani uishe" asome kwanza ameitiwa nini. Kuna wito wa taa ya kibao cha namba, na kuna wito wa stering.

"Gurudumu likichomoka, fundi hakukaza nati"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa dhana hii ndiyo inayowaweka mafundi na madereva wetu lokapu.

Kweli, mara nyingi ni nati. Lakini Januari 2002, mjini Yokohama, Japani, gurudumu la lori lililokuwa linavuta tela lilichomoka likiwa njiani. Lilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi. Likabingirika hadi kwa mama mmoja wa miaka 29 aliyekuwa anatembea na watoto wake wawili. Mama alifariki, watoto wakaumia. Lori lilikuwa la Mitsubishi, ukoo ule ule wa Fuso ambalo kwetu limekuwa jina la kila lori la kati, hata likiwa Isuzu.

Kampuni ikasema habu, yaani vitovu vinavyoshika magurudumu, zimelika kwa matunzo mabaya. Maneno ambayo ungeyasikia Segera kesho, bila kubadilishwa hata nukta. Kumbe habu zilikuwa zinapasuka zenyewe kwa udhaifu wa usanifu, na zilikuwa zimeshapasuka kwenye malori mengine kabla ya hapo. Oktoba mwaka huo huo, mkoani Yamaguchi, dereva wa lori jingine la kampuni hiyo alikufa baada ya kasha la klachi kupasuka. Propela ikaanguka na kuharibu mabomba ya breki. Ilipofika Machi 2004 ndipo kampuni ilipokiri kwamba habu zina kasoro na kuita malori makubwa na mabasi yapatayo 112,000. Waliokuwa wakuu wa ubora wawili walitiwa hatiani kwa uzembe, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Japani ikakataa rufaa yao.

Kwa miaka miwili, basi, kila aliyekuwa na lori la aina hiyo aliambiwa mwenye kosa ni yeye. Siku gurudumu likichomoka, kabla hamjamkunja fundi shati, okoteni habu. Mtazame mpasuko unaanzia wapi, mpige picha, na msiiuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu jioni ile ile.

"Kampuni inayoita malori kila mwaka ni mbovu"

Mimi huogopa zaidi ile iliyonyamaza. Desemba 2020 Daimler, waundaji wa malori ya Freightliner, walikubaliana na serikali ya Marekani juu ya faini ya dola milioni 30. Kosa lao lilikuwa kuchelewa kuita.

"Langu mtumba, mambo hayo ya wenye magari mapya"

Hapa utingo wetu alikuwa na haki ya kucheka. Barua hutumwa kwa mwenye lori anayejulikana kwenye daftari la nchi lilikosajiliwa. Lori likishafutwa kwenye daftari hilo, likapelekwa mnadani, likapakiwa melini na kushushwa bandarini, barua inabaki kwa mtu wa kule ambaye hata hakumbuki aliliuza kwa nani. Kasoro imesafiri, taarifa imebaki.

Lazima uitafute wewe. Viwanda vya Japani vina kurasa za kuingizia namba ya chesisi, na wizara yao ya uchukuzi ina ukurasa wa kutafutia malori yaliyoitwa. Nyingi ni za Kijapani, lakini simu itakutafsiria vya kutosha. Kwa malori yaliyotoka Uingereza, serikali yao ina ukurasa wa kutafuta kwa aina, modeli na mwaka. Karatasi za zamani zilizokuja na lori usizitupe, hata kama huelewi kilichoandikwa.

Na gharama? Marekani sheria inamlazimisha mtengenezaji kurekebisha bure kwa miaka 15 tangu lori liuzwe mara ya kwanza. Ikipita hapo kasoro haiondoki, kinachoondoka ni kule kutengenezewa bure tu. Kwetu, wakala ambaye hakukuuzia lori anaweza kukuzungusha, na wengine huzungusha kwelikweli. Andika barua, ambatisha picha ya namba, upate jibu la maandishi. Mlaji asiporidhika, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kumlinda chini ya sheria ya mwaka 2003.

Sisi, lori letu lilikuwa limeitiwa kishikizo cha bomba la breki za nyuma: kikilegea, bomba linasuguana na chesisi. Tulipoinama kutazama, bomba lilikuwa limeshapata alama nyeupe, pana kama ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa linakwenda Horohoro mara mbili kwa wiki. Wakala alituzungusha siku tisa, kisha akajibu: kifaa bure, ufundi tulipe wenyewe. Tukalipa.

Jioni lilipotoka gereji utingo alilizunguka mara moja, akasimama nyuma.

"Na tela, mjomba?"

Nikatafuta msasa.