Kwa nini tambi zako zinachelewa: jiko la Kiitaliano likiwa Dodoma

Mhudumu akiingia jikoni kuniambia meza ya dirishani wanauliza chakula chao kimefikia wapi, mara nyingi ni watu walioagiza tambi. Aliyeagiza pizza huwa na subira, anajua kuna unga unasukumwa. Aliyeagiza nyama anajua inachomwa. Ila tambi kila mtu amezipika nyumbani kwake, na nyumbani hazichukui muda. Sasa huku kuna nini?

Ninapika kwenye mgahawa wa Kiitaliano hapa Dodoma. Ni mgahawa wa mtaani tu: meza chache ndani, nyingine nje chini ya miti, na wateja wengi ni watumishi wa wizara pamoja na familia za Jumapili. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, usiku hakuna kiti. Leo nieleze kinachofanyika nyuma ya mlango kati ya oda yako na sahani yako, kwa sababu ukikijua utajua cha kuagiza. Na utalijua pia jiko linalokudanganya.

Tuanze na maji. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla hayajafika nyuzijoto 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ongeza moto utakavyo, hayapandi zaidi ya hapo, yatakuishia kwa mvuke tu. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa dakika 9 haikuandikwa kwa ajili ya Dodoma. Ongeza dakika moja, wakati mwingine mbili. Usiponiamini, muulize mtu aliyehamia huku kutoka Dar wizara zilipohamishwa maharage yake yanaivaje.

Kuna njia ya mkato, nayo inatumika sana: unachemsha tambi asubuhi, unazipaka mafuta zisigandane, unaziweka kwenye friji, oda ikija unazipasha. Jiko linalokuletea tambi ndani ya dakika tano limefanya hivyo, hakuna muujiza. Utazijua tu. Zinateleza kwa mafuta, sosi imekaa chini ya sahani peke yake, na ukizizungusha kwenye uma zinakatika.

Njia yenyewe haina siri. Kwa kila gramu 100 za tambi, maji lita moja na chumvi gramu 10. Watu wanaiogopa hiyo chumvi, lakini sehemu kubwa inamwagwa na maji, na tambi ambayo haikupata chumvi ndani ya sufuria huwezi kuitia ladha tena mezani. Dakika mbili kabla hazijaiva naziopoa, nazihamishia kwenye fraipani yenye sosi, pamoja na upawa wa yale maji yaliyozichemsha. Yale maji yana wanga. Ukitikisa fraipani kwa nguvu juu ya moto, wanga unayashika mafuta na maji pamoja, sosi inakuwa nzito na inang'ang'ania kila utambi. Kazi hii inafanywa sahani kwa sahani, haifanyiki kwa meza tatu kwa mpigo. Hizo ndizo dakika 20 unazosubiri.

Halafu kuna suala la kuiva kwenyewe. Mzee mmoja alirudisha sahani, akaomba kuonana na mpishi. Nikatoka.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kijana, hizi tambi zina kiini. Tazama.”

Alikuwa ameukata utambi mmoja kwa ncha ya kisu, akaugeuza nione. Katikati kulikuwa na kidoti cheupe, chembamba, cha kutafuta kwa macho. Nikamweleza ninavyopima: kidoti kikiwa kinene, tambi ni mbichi, zirudi kwenye maji. Kikiwa chembamba namna ile, moto uliobaki ndani ya tambi utakimaliza kabla hujafika nusu ya sahani. Akasubiri kidogo, akakata mwingine, akaangalia. Akasema sawa, lakini yeye anazipenda laini. Nikazirudisha motoni. Mteja anayetaka zilainike ana haki yake, ila amwambie mhudumu tangu mwanzo, ili nisizitoe mapema bure.

Ninaelewa pia mazoea hayo yalikotoka. Wengi wetu tumekulia kwenye tambi za Idd: zinakaangwa mpaka zibadilike rangi, zinatiwa maji, sukari, iliki na tui la nazi, na uzuri wake ni kulainika kabisa. Ni pishi jingine kwa tambi nyingine. Kule Italia, tangu sheria ya mwaka 1967, tambi kavu zinatakiwa zitengenezwe kwa ngano ngumu, ile ya manjano yenye protini nyingi, ndiyo maana zinavumilia kuchemshwa na kurushwa kwenye fraipani bila kuvunjika. Pakiti nyingi za bei rahisi madukani ni za ngano ya kawaida. Ukizipika kwa namna yangu zitakuwa uji, na kosa si lako. Soma nyuma ya pakiti.

Sosi ya nyanya ndiyo inayoninyima usingizi. Nyanya zetu nyingi zinakuja kutoka Iringa, hasa Ilula, kwenye matenga na makasha. Wakati wa kiangazi, sado ya nyanya pale Soko la Majengo unaweza kuichagua moja moja: ndefu, ngumu, zenye nyama na mbegu chache. Zile za aina ya Tanya na Tengeru 97, mbegu zilizotokana na utafiti wa Tengeru kule Arusha, ni ngumu na zinastahimili safari. Kwa sosi ni nzuri sana. Nazimenya kwa maji ya moto, nazikata, vitunguu saumu vinaingia kwenye mafuta ya moto mdogo, nyanya zinafuata, nusu saa, basi. Hakuna nyanya ya kopo, hakuna sukari, na tafadhali hakuna kile kidonge cha supu. Mvua zikianza Desemba mambo yanageuka. Nyanya zinakuja zimejaa maji, bei juu, zikikaa motoni zinakuwa supu nyekundu yenye uchachu. Kipindi hicho natumia za kopo kutoka Italia bila kuona haya, na mteja akiniuliza namwambia. Mgahawa unaojisifu kuwa na nyanya mbichi mwaka mzima Dodoma, mimi ningeuliza swali la pili.

Sasa cha kuagiza. Ukiingia mgahawa wa Kiitaliano usioujua, agiza kitu chenye viungo vichache kuliko vyote kwenye menyu. Spageti ya nyanya na rehani. Au ile ya vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili, ambayo haina hata nyanya ya kujifichia. Kama bilinganya zipo, kuna ile ya Sisilia ya bilinganya za kukaanga na sosi ya nyanya, inayoitwa Norma. Kwa maoni yangu ndiyo sahani ya Kiitaliano inayopatana na masoko yetu kuliko zote, na ni ajabu migahawa michache huipika. Acha ile yenye kuku, uyoga, kamba, krimu na jibini kwa pamoja. Krimu inafunika makosa yote, ya nyanya, ya chumvi, na ya tambi za asubuhi.

Carbonara, tambi nyingine maarufu, nayo haina krimu. Ni mayai, jibini ya kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe. Ukiletewa yenye krimu haitakuua, ila ujue umeletewa nini.

Hapo kwenye nguruwe nisimame kidogo, kwa sababu Dodoma ni mji wa Waislamu na Wakristo pamoja, na wahudumu wengi hawajafundishwa kujibu swali la halali zaidi ya “haina kitimoto, mama.” Kitimoto unaweza kuiona. Kuna vingine huvioni. Sosi ya nyama ya kusaga kwa kawaida inatiwa mvinyo, na si kweli kwamba pombe yote inaondoka na mvuke; nyingine inabaki. Risotto, ule wali wa kukorogwa, nao huanza na glasi ya mvinyo. Tiramisu, kitamu cha baada ya mlo cha biskuti zilizolowekwa kahawa, mara nyingi ina mvinyo mtamu au ramu kwenye kahawa yake, na mayai yake huwa mabichi, kwa hiyo mjamzito naye aulize. Panna cotta, kitamu cha krimu, inagandishwa kwa jelatini, na sehemu kubwa ya jelatini duniani inatokana na nguruwe. Jibini ya Parmigiano Reggiano inagandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, jambo linalowahusu wasiokula nyama pia. Kwetu, mteja akisema mapema namtolea sosi ya nyama isiyo na mvinyo, natumia supu ya mifupa na siki kidogo kupata ule uchachu. Inawezekana. Lakini uliza kabla, si sahani ikiwa imeshafika, na usikubali jibu la mhudumu aliyejibu bila kwenda jikoni.

Utaratibu wa mlo unawachanganya watu pia. Waitalia wanakula hatua kwa hatua: vitafunio vya kuanzia, kisha tambi au wali, kisha nyama au samaki vikiwa na mboga pembeni, kisha kitamu. Ndiyo maana sahani ya tambi ni ndogo na ya nyama inakuja bila wanga, na mtu aliyezoea kuona ugali, nyama na mboga kwenye sinia moja anahisi amepunjwa. Hakuna anayekulazimisha kufuata hatua zote. Mkiwa wanne, agizeni tambi sahani mbili katikati na nyama moja kubwa, mle pamoja. Mwambie mhudumu vije kwa mpigo.

Pizza niipitie haraka. Mwinuko uleule unaochelewesha tambi unaharakisha donge: hewa nyepesi inaiachia hamira iliumue kwa kasi, na joto la Novemba linaongeza. Natia hamira kidogo kuliko kipimo cha Napoli, mji wa Italia pizza ilikotoka, na kulilaza donge kwenye friji usiku kucha. Ukavu wa hewa yetu ya kiangazi unalikausha juu likafanya ngozi, kwa hiyo kitambaa kibichi hakitoki. Napoli wanaoka kwenye nyuzi 430 hadi 480, sekunde 60 hadi 90. Oveni nyingi za gesi hapa mjini hazifiki huko hata kwa mbali, zinaoka dakika kadhaa na pizza inatoka kavu zaidi, ya kuvunjika. Si mbaya, ila usiilipie bei ya ile nyingine.

Wageni wangu wa Kigogo huwa wanacheka wakiona polenta kwenye menyu, na wana haki. Ni ugali wa mahindi wa kaskazini mwa Italia, wa manjano, mlaini kuliko wetu. Kabla mahindi hayajafika Ulaya kutoka Amerika walikuwa wakiusonga kwa nafaka ndogondogo, kama huku ulivyo ugali wa uwele. Naipika na kitoweo cha uyoga. Mlenda sijathubutu, ingawa bibi mmoja amenishauri.

Kuhusu mvinyo, uko nyumbani. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, maana mzabibu huku haupati baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana ni miongoni mwa waliouanzisha, na leo mashamba yako Hombolo, Makutupora, Mpunguzi. Aliyezoea Dompo, ule mvinyo mtamu wa hapa, ataukuta mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, una ukakasi akiunywa peke yake. Anywe na sosi ya nyanya au nyama, ndipo utakaa sawa. Mwekundu huo uagize ukiwa umepoa kidogo. Chupa iliyokaa rafuni mwezi wa Oktoba ina joto la chumba cha Dodoma, na kwenye joto hilo unachohisi ni pombe tu. Dakika 20 kwenye friji zinatosha, na mhudumu asikushangae.

Tambi zikibaki, ziache. Zikifungwa kwenye boksi zinaendelea kulainika njiani na kesho hazina maana. Pizza beba. Usiipashe kwenye maikrowevu, itakuwa ngozi. Weka fraipani kavu kwenye moto mdogo, dondoshea maji kidogo pembeni, funika mpaka jibini iyeyuke.