Salio linabaki, risiti inatupwa

Kampeni za 2015, mkutano mmoja wa mgombea ubunge Dar es Salaam ulipomalizika, nilimuuliza dereva wa bodaboda mgombea kasema nini. Akakuna kichwa. "Ameongea vizuri sana." Kuhusu nini? "Si mambo ya maendeleo." Hakukumbuka hata ahadi moja, ila jinsi jamaa alivyokunja mikono ya shati kabla ya kushika maiki alinieleza mpaka vifungo.

Katika fani yangu ya saikolojia ya siasa, Milton Lodge na wenzake walishalieleza jambo hili. Msikilizaji hatunzi hoja. Kila anachokisikia au kukiona anakijumlisha au kukitoa kwenye salio alilo nalo la mgombea, yaani jumla ya anavyompenda au kumchukia, kisha risiti anatupa. Baadaye ukimuuliza kwa nini anampenda fulani, anatafuta sababu za kulingana na salio. Ndiyo maana majibu ya swali la "kwa nini" kwenye dodoso huwa nayasoma kwa jicho la pembeni.

Na salio halianzi na sifuri. Mwaka 2005 Alexander Todorov wa Princeton aliwaonyesha watu picha za wagombea wa Seneti ya Marekani, wawili wawili, wataje nani anaonekana mweledi zaidi. Hata walipopewa sekunde moja tu, chaguo lao liliangukia kwa mshindi mara nyingi kuliko kubahatisha. Miaka minne baadaye, watoto wa Uswisi waliombwa kuchagua nahodha wa chombo kwa kutazama picha za wagombea ubunge wa Ufaransa. Nao wakaelekea kuwachagua walioshinda.

Kwetu, 2015, vijiweni gumzo lilikuwa afya ya Lowassa, mgombea urais wa upinzani. Magufuli wa CCM akapiga pushapu jukwaani. Hotuba nzima ya daktari isingefanya kazi ile. Lowassa naye akapanda daladala, aonekane mwenzetu. Magufuli alipata asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Sisemi ni pushapu. CCM ilikuwa na mtandao hadi kwa balozi wa nyumba kumi, na kwa wengi chama ndicho salio la kwanza.

Yule dereva nilikutana naye tena baada ya uchaguzi. Safari hii alikuwa na sababu tatu za kumpigia kura yule mbunge, ya kwanza barabara ya mtaani kwao aliyoahidi siku ile mkutanoni. Hotuba yote ninayo kwenye kinasa sauti. Barabara haimo.