"Dokta, Muda Sina"

Wagonjwa wengi huniita dokta, ingawa mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya rufaa Dar es Salaam. Kazi yangu ni migongo, shingo, magoti na mabega. Karibu kila siku nauliza swali lile lile, "Mazoezi unafanya?", na jibu huwa lile lile: "Dokta, muda sina." Miaka ya mwanzo nilikuwa nahubiri. Siku hizi natoa karatasi na kalamu.

Mmoja wa niliowapa karatasi hiyo ni mhasibu wa miaka 38. (Mambo mawili matatu ya kwake nimeyageuza ili asitambulike.) Alikuja na maumivu ya kiuno, na presha yake ilikuwa imeanza kupanda. Anaishi mbele kidogo ya Kimara, ofisi yake iko Posta, katikati ya jiji. Nikamwomba aiandike siku yake kama ilivyo, si kama angependa iwe. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja na robo yuko juu ya bodaboda kwenda kituo cha mabasi ya mwendokasi. Ofisini anaingia kabla ya saa moja, anakaa kwenye kiti hadi saa saba, mama lishe anamletea chakula mezani pale pale, anaendelea kukaa hadi saa kumi na moja jioni. Kisha foleni ya basi, bodaboda tena, na saa mbili usiku yuko kwenye kochi anatazama taarifa ya habari.

Tukaikagua karatasi pamoja. Saa moja ya bure haimo, na nilimwambia wazi: uko sahihi, huna. Ila kutoka kituoni hadi kwake ni mwendo wa dakika 12 kwa miguu. Alfajiri sikumshauri atembee, kwa kuwa njia ni giza na vibaka wanajulikana. Jioni maduka yako wazi na watu wamejaa barabarani, kwa hiyo bodaboda ya jioni ikafutwa. Asubuhi, badala ya kupitiliza hadi Posta, angeshuka kituo cha Fire na kumalizia kwa miguu, kama dakika 20 kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini. Kwa siku tano za kazi, jioni ni dakika 60 na asubuhi ni dakika 100. Jumla 160 kwa wiki, na hajanunua hata raba.

Nilikuwa naitafuta 160 hiyo kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito kama kukimbia. Wastani maana yake nini? Kipimo changu ni mdomo: ukiwa unatembea unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, hapo umefika. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, umeingia kwenye kazi nzito. Anayependa kuhesabu ahesabu hatua: kama 100 kwa dakika moja zinatosha kwa watu wengi.

Ndani ya mwongozo huo kuna badiliko moja ambalo halikutangazwa inavyostahili. Ule wa zamani, wa 2010, ulisema mazoezi yahesabiwe pale tu yanapodumu angalau dakika 10 mfululizo. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Dakika tatu za ngazi zinahesabiwa, na dakika tano za kwenda dukani kwa haraka zinahesabiwa. Kwa mtu aliyebanwa na kazi au masomo, hii ni sawa na kuambiwa kwamba ada ambayo ilitakiwa kwa mkupuo sasa unaruhusiwa kuilipa kidogo kidogo.

Na zile hatua 10,000 za kwenye simu? Hazikutoka maabara. Mwaka 1965, mara baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua, na jina lake kwa Kijapani lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikuwa nzuri kwa biashara, nayo imebaki. Ukizifikisha, hongera. Ukiishia 6,000 usijione umefeli.

Watu wakinibishia kwamba kutembea si mazoezi, huwasimulia habari za makonda wa London. Baada ya vita kuu ya pili, daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alikuwa anatafuta sababu ya mshtuko wa moyo, ambao wakati huo ulikuwa unawaua wanaume wengi bila maelezo ya kuridhisha. Akayatazama mabasi ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva anayekaa zamu nzima, na konda anayepanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Mtaa mmoja, mshahara unaokaribiana, mwajiri mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makonda waliugua ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, waliokufa ghafla walikuwa wachache zaidi. Hakuna konda aliyekuwa na muda wa mazoezi. Walikuwa na ngazi tu.

Kuna waliosema labda wanene ndio walioomba udereva tangu mwanzo. Morris akaenda kuchunguza vipimo vya sare walizopewa na kampuni. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, lakini hata konda mwenye kiuno kipana alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kiuno cha aina hiyo. Napenda sana kisa hiki cha mtafiti kukaa akihesabu inchi za suruali. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Sisi nasi tunao madereva na makonda wetu, ingawa konda wa daladala anakula moshi na anashinda njaa, kwa hiyo simtumii kama mfano wa afya. Watu ninaowawazia hasa ni hawa wapya: karani, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi usiku, dereva wa teksi ya mtandao, mwanafunzi wa chuo. Mama anayebeba ndoo tatu za maji asubuhi kisha akasimama jikoni siku nzima hahitaji niende kumwambia atembee. Anahitaji mtu wa kumpokea ndoo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawana dalili yoyote. Wanaendelea kukaa kwenye viti vyao.

Serikali nayo imejaribu. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nilifurahi, na bado nafurahi nikiona vikundi vya jogging vya Temeke na Mbagala vikipita alfajiri kwa nyimbo na fulana za rangi moja. Ila Jumamosi moja kwa mwezi ni kengele tu. Kengele haishibishi.

Nije kwa wanafunzi, maana wao hunijia wiki mbili tatu kabla ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, shingo imekaza kama ubao. Binti mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia ameacha kutembea jioni na wenzake kwa sababu anaogopa kusapu, yaani kufeli na kurudia mtihani. Kwa hesabu yake, nusu saa ya kutembea ni nusu saa iliyoibwa kwenye masomo. Kwa hesabu yangu, baada ya saa nne za kukaa maktaba macho yanasoma lakini kichwa hakishiki kitu. Mwendo wa haraka hurudisha umakini kwa muda, na mtu aliyetembea mchana hulala vizuri zaidi usiku. Usingizi ndio unaotunza ulichosoma. Sikumwambia aache kusoma. Nilimwambia atoke na madesa yake, yaani nakala zake za masomo, mkononi, ajisomee kwa sauti huku anazunguka hosteli, kama wanafunzi wa madrasa wanavyohifadhi. Kila akisoma dakika 40 au 50, ashuke ngazi hadi chini na kupanda tena. Hosteli yake iko ghorofa ya nne, na maji yakikatika anapanda na ndoo, kwa hiyo siku hizo nilimsamehe.

Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likitoka wengine hukimbilia kulipia jimu ya miezi mitatu. Wiki ya tatu hawaonekani. Sina ugomvi na jimu, ila kama iko mbali na njia yako ya kila siku, hutafika.

Kutembea peke yake hakutoshi. Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unataka misuli ifanyishwe kazi angalau siku mbili kwa wiki, na hapa ndipo wengi wa wagonjwa wangu wa kiuno wanapoangukia. Zoezi ninaloanza nalo ni la kiti. Kaa kwenye kiti kisichoyumba, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kisha rudi chini taratibu kama unayeogopa kuamsha mtoto. Mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja, kwa hiyo usijitupe. Lingine ni pushapu za mezani: mikono kwenye ukingo wa meza nzito, mwili umenyooka, kifua kinashuka kuelekea meza na kurudi. Yote mawili hayamalizi dakika sita, na yanafanyika ukiwa na suruali ya ofisini.

Kuna kundi ninalolipokea Jumatatu: wachezaji wa maveterani, wale wanasoka wa umri mkubwa. Mtu ana miaka 44, wiki nzima amekaa, Jumapili anavaa njumu na kukimbiza mpira kama ana miaka 19. Anasikia "pa!" nyuma ya kisigino, anageuka kuona nani kampiga teke. Hakuna aliyempiga, kano ya kisigino imekatika. Kutibiwa na kupona kabisa huchukua miezi. Tafiti zinaonyesha kwamba hata anayekusanya mazoezi yake yote kwenye siku moja au mbili za wiki moyo wake unafaidika, basi sitamkataza mtu mpira wake. Ninachoomba ni siku mbili katikati ya wiki za kutembea na kunyanyua visigino, dakika kumi za kupasha mwili moto kabla ya filimbi, na aanze kucheza kipindi kimoja badala ya viwili.

Wanawake wanaofanya kazi huniambia jambo ambalo wanaume hawaniambii: wakirudi nyumbani, zamu ya pili ndiyo inaanza. Ushauri wa "amka saa kumi ukimbie" kwao ni matusi, na barabara ya giza si salama. Kinachofanya kazi zaidi, kwa nilivyoona, ni saa ya chakula cha mchana wakiwa wawili au watatu. Dakika 15 za kutembea baada ya kula husaidia pia sukari isipande sana, na mwenzako akikusubiri mlangoni ni vigumu kusema leo nimechoka. Wakati wa Ramadhani wengi huhamishia mwendo wao baada ya futari, na hilo ni sawa kabisa.

Itachukua muda gani hadi uzoee? Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kabla jambo kujiendea lenyewe. Wapo waliozoea kwa siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji zaidi ya 250. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo anayekata tamaa wiki ya pili hajashindwa, hajafika tu.

Wachache waonane na daktari kabla ya kuongeza mwendo: mwenye maumivu ya kifua au anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo, aliyewahi kuzimia, mwenye presha isiyotulia. Anayetumia insulini apime sukari na awe na kitu kitamu mfukoni. Na kuanzia Desemba hadi Machi, jua la Dar lisichezewe: asubuhi au jioni, na maji.

Mhasibu alirudi baada ya miezi mitatu, karatasi imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Kila siku aliyotembea aliweka alama ya kalamu nyekundu. Juni kulikuwa na pengo la siku kumi na moja. "Tulikuwa tunafunga hesabu za mwaka, dokta," akasema kabla sijauliza. Alama zilirudi tarehe 2 Julai. Kiuno kilikuwa kinamuuma bado kidogo akikaa sana, presha ilikuwa imeshuka ila si mahali ninapotaka, na bodaboda aliyekuwa akimchukua jioni, alisema, bado humpigia honi kila akimpita.